Faini za mafuta yaliyomwagika baharini: zirudi pwani au ziingie Hazina Kuu?

Mzaliwa wa Msambweni (Nairobi)

Hamjambo ndugu zangu. Ninaishi na kufanya kazi Nairobi, ila kwetu ni Msambweni, na swali langu linagusa pande zote mbili.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikisoma jinsi Marekani ilivyozitumia fedha za adhabu zilizotokana na mlipuko wa mtambo wa Deepwater Horizon, tarehe 20 Aprili 2010, ulioua wafanyakazi 11 na kuacha kisima kikibubujisha mafuta chini ya Ghuba ya Meksiko kwa siku 87. Kwa utaratibu wa kawaida wa nchi ile, faini zinazotozwa chini ya sheria ya maji safi huingia katika mfuko wa taifa wa kukabili umwagikaji wa mafuta popote utakapotokea, na majimbo yaliyoumia hayana haki ya kutangulizwa. Mwezi wa Julai 2012, kesi ikiwa bado iko mahakamani, rais Obama alitia sahihi sheria iliyobadilisha utaratibu huo kwa ajili ya tukio hilo moja: asilimia 80 ya faini za kiraia ziwekwe katika mfuko wa kurejesha pwani ya Ghuba, kwa manufaa ya majimbo ya Alabama, Florida, Louisiana, Mississippi na Texas. Kwa hiyo mahakama ilipoidhinisha makubaliano ya mwaka 2016, ambamo faini ya kampuni ya BP ilikuwa dola bilioni 5.5, dola bilioni 4.4 kati ya hizo zilikuwa na mahali pa kwenda kabla hata ya kulipwa.

Nikaikumbuka bahari yetu. Mafuta yalimwagika katika mkono wa bahari wa Makupa, Mombasa, mwaka 1988, kisha Port Reitz mwaka 2005, na mara zote mbili mikoko ilikufa. Mjomba wangu, ambaye alikuwa akitega nyavu zake upande ule, alituambia kwamba kwa miezi mingi samaki waliotoka huko walikataliwa sokoni kwa sababu ya harufu. Sisi wa Nairobi tunapaswa kulijali jambo hili kama watu wa pwani wanavyolijali, kwa maana petroli tunayojaza kila siku kwenye magari yetu hushushwa Mombasa kabla ya kupandishwa huku kwa bomba.

Sasa nauliza: je, Kenya iwe na sheria inayofunga faini za namna hii ziende moja kwa moja kurejesha pwani iliyoharibiwa? Wenzangu kazini wamegawanyika. Wapo wanaosema fedha za umma zisitiwe kwenye vikapu vidogo vidogo, kwa kuwa hospitali na shule nazo zina haki, na wapo wanaosema kwamba fedha ikishapanda gari moshi kuja Nairobi hairudi Mombasa. Ningependa kusikia kutoka kwa wanaoijua sheria, na kutoka kwa wanaoijua bahari.

Wakili wa Upper Hill

Ndugu Mzaliwa, ahsante kwa swali lililopangwa vizuri. Kabla ya kulijibu, ni lazima tutenganishe fedha za aina tatu ambazo katika mazungumzo yetu huchanganywa kila mara, na naona mchanganyiko huo ndio unaowagawa wenzako.

Ya kwanza ni fidia, yaani malipo ya mvuvi aliyekosa kuvua, mwenye hoteli aliyepoteza wageni, au mama aliyeugua. Hiyo ni mali yake binafsi, wala serikali haina ruhusa ya kuipandia mikoko. Ya pili ni gharama ya kurejesha mazingira, ambayo ni deni la mchafuzi kwa kitu alichokiharibu chenyewe. Ya tatu ni faini, ambayo ni adhabu. Swali lako, kwa maneno halisi, linahusu hii ya tatu, na hapo ndipo watu husema kwamba adhabu ni mali ya taifa zima. Lakini tazama Wamarekani walivyofanya. Katika makubaliano yale ya mwaka 2016, ambayo kwa jumla yalifikia takriban dola bilioni 20.8, sehemu kubwa kuliko zote haikuwa faini. Ilikuwa dola bilioni 8.1 za madhara kwa maliasili, yaani ile aina ya pili, ikisimamiwa na wadhamini wa serikali kuu na wa majimbo. Faini ya bilioni 5.5 iliongezwa juu ya hiyo. Sisi tunaijadili ya tatu kwa sababu ya pili hatujawahi kuidai ipasavyo.

Na uwezo wa kuidai tunao. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, katika kifungu cha 93, inakataza kumwaga mafuta katika mazingira na kuiruhusu mahakama imwagize aliyetiwa hatiani alipe gharama za kuyaondoa na za kuyarejesha mazingira. Kifungu cha 108 kinatoa amri za urejeshaji. Kifungu cha 25 kinaanzisha Mfuko wa Kitaifa wa Kurejesha Mazingira, ambao lengo lake ni kusaidia pale mchafuzi asipoweza kutambuliwa au panapokuwa na hali isiyo ya kawaida. Kisanduku kipo, ila hakijaunganishwa na mfereji wa faini. Katiba nayo, katika kifungu cha 206, inasema kwamba fedha zote zinazopokewa na serikali ya kitaifa huingia Hazina Kuu, isipokuwa zile ambazo sheria ya Bunge imezitoa na kuzipeleka katika mfuko mwingine wa umma ulioanzishwa kwa kusudi maalumu. Kwa hiyo Katiba haizuii wazo lako. Inataka tu Bunge liseme waziwazi, na kanuni za wizara pekee hazitoshi.

Kuna tahadhari moja kubwa ambayo nisingependa ipite. Mafuta yakimwagwa na meli inayoyabeba kama shehena, Kenya inafuata mikataba ya kimataifa ya mwaka 1992, na mfuko wa fidia ulioko London hulipa gharama za kusafisha, hasara za wavuvi na wenye biashara, na hatua za busara za kurejesha mazingira ambazo zimechukuliwa au zitachukuliwa kweli. Haulipi faini, wala haulipi madai yaliyokokotolewa kwa nadharia tu kuhusu thamani ya bahari. Na meli isiyo ya shehena ya mafuta haimo kabisa katika mpango huo. Mauritius walijifunza hayo mwaka 2020, meli ya Wakashio ilipokwama mwambani Pointe d'Esny na kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta yake yenyewe ya injini. Ilikuwa meli ya shehena kavu, hivyo mfuko wa London haukuhusika, na fidia ilibaki chini ya mkataba mwingine ambao kikomo chake hufuata ukubwa wa meli. Marekani haimo katika mikataba hiyo ya 1992, na ni mojawapo ya sababu kwamba takwimu zao haziwezi kuhamishiwa huku zilivyo.

Mkaguzi Mstaafu

Nimemsoma Wakili kwa makini na nakubaliana naye katika mgawanyo wa fedha tatu. Mimi nilitumia miaka mingi ya kazi yangu kukagua hesabu za mifuko ya umma hapa Nairobi, na ningewaomba vijana wasiifurahie sheria ya Wamarekani kabla ya kuisoma hadi vifungu vya matumizi.

Fedha za mfuko ule wa asilimia 80 hazikwenda zote kwenye mazingira. Zimegawanywa hivi: asilimia 35 kwa majimbo matano kwa usawa, 30 kwa baraza la pamoja la serikali kuu na majimbo kwa ajili ya mpango mmoja wa mazingira wa Ghuba nzima, 30 nyingine kwa majimbo kwa kadiri ya madhara yaliyompata kila mmoja, na zilizobaki kwa utafiti. Ile asilimia 35 inaruhusiwa kutumika hata katika miundombinu ya bandari, kukuza utalii na kutangaza mazao ya bahari. Alabama ilipanga kutumia zaidi ya dola milioni 58 kusaidia kujenga hoteli yenye kumbi za mikutano ndani ya hifadhi ya ufukweni. Hizo hazikutoka hata kwenye faini, bali kwenye fedha za madhara kwa maliasili ambazo Wakili amezisifu, kwa hoja kwamba watu walipoteza starehe ya kwenda ufukweni. Shirika la kutetea mazingira lilikwenda mahakamani, na mwaka 2016 jaji akaona kwamba njia mbadala hazikuwa zimechunguzwa ipasavyo. Ikiwa hayo yametokea mahali penye wadhamini, wanasheria na waandishi wa habari wengi kiasi hicho, jiulizeni neno «maendeleo ya pwani» litatafsiriwaje kwetu.

Hata hivyo sisemi fedha hizo ziingie Hazina Kuu. Nimeona faini zikiingia huko, na ukiuliza baada ya mwaka mmoja ni shilingi ipi iliyotokana na uchafuzi na ni ipi iliyotokana na leseni, hakuna karani awezaye kukuonyesha. Mfuko maalumu unaibiwa, ni kweli, lakini angalau wizi wake huonekana, kwa sababu fedha ina jina na mkaguzi ana pa kuanzia. Katika sheria ile kuna jambo moja ambalo ningelichukua neno kwa neno: gharama za uendeshaji kwa wapokeaji zimewekewa kikomo cha asilimia 3. Wanaojua jinsi magari, posho na kodi ya ofisi vinavyotafuna mifuko yetu wataelewa kwa nini nalishikilia hilo kuliko jambo lingine lolote.

Jambo la pili ni nani aguswe kwanza. Sheria ileile ya Wamarekani iliagiza fungu la moja kwa moja la Florida liende kwa kaunti zake, robo tatu kwa zile nane zilizoumia zaidi na robo kwa nyingine 15 za upande wa Ghuba. Sisi tuna kaunti za pwani zenye serikali zilizochaguliwa. Sioni sababu kwa nini fedha ya mkoko uliokufa Kwale isubiri sahihi ya mtu aliyeko Nairobi, mimi nikiwa mmoja wa waliokuwa wakisubiriwa.

Mtafiti wa Mikoko (Kwale)

Ninawaandikia watu wa Nairobi kwa upendo, kwa kuwa ninaona mnajadili fedha kana kwamba kazi yenyewe inajulikana na inasubiri tu hundi. Kazi hiyo ni ngumu, na namna fedha zinavyotolewa inaweza kuiua.

Mafuta yanapofika kwenye mikoko kwa maji kujaa, huganda juu ya mizizi ya kupumulia. Mchu na mlilana, ambazo ni aina za mikoko, hupumua kwa mizizi inayochomoza kutoka matopeni, na mkoko wenyewe hupumua kwa vitundu vilivyo kwenye mizizi yake inayojiinamia kama miguu. Vitundu vikizibwa, mti hukosa hewa, hupukutisha majani, kisha hufa taratibu kwa miezi. Yale mafuta yaliyozama matopeni, ambako hakuna oksijeni ya kusaidia vijidudu kuyameng'enya, hukaa miaka mingi. Kwa hiyo mtu akija na miche mwaka unaofuata, akapiga picha na wanafunzi wa shule na kurudi kwao, anaitia miche kaburini. Tope lazima lipimwe kwanza, na mara nyingine jambo la busara kuliko yote ni kungoja.

Hapa Gazi misitu ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda, na upandaji wa majaribio chini ya watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, ulianza miaka ya 1990. Tulijifunza kwa hasara kwamba kila aina ina mstari wake: mlilana hustahimili mawimbi upande wa bahari, mkoko hukaa katikati, mkandaa na mchu hupanda kuelekea nchi kavu. Watu hupenda kupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu, rahisi kuokota na kuchomeka, na mara nyingi huuchomeka mahali pa mlilana, mawimbi yakaung'oa wote. Msitu uliotokana na jitihada hizo, pamoja na ule wa asili uliohifadhiwa, ndio uliowezesha mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 unalinda hekta 117 na kuuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa ile ambayo miti imeifyonza, na mapato yake yameleta maji na vifaa vya shule vijijini. Kutoka mche wa kwanza hadi mapato hayo ilipita karibu miaka ishirini. Bajeti yetu ya serikali hufungwa kila tarehe 30 Juni.

Kwa sababu hiyo, jambo ninalolitamani kutoka Marekani ni ratiba zaidi ya kiasi. BP inalipa kwa awamu kwa zaidi ya miaka 15, kwa hiyo fedha itaendelea kufika hadi miaka ya 2030. Wenye mashamba ya chaza huko walilalamika kwamba ni polepole mno, na wana haki, lakini kwa upande wa mimea ni mwendo unaofaa.

Ningeongeza kisa kimoja kinachoniuma. Louisiana imepoteza takriban kilomita za mraba 5,000 za ardhi ya pwani tangu miaka ya 1930, kwa sehemu kwa kuwa mto Mississippi umezuiwa kwa kuta na hauwezi tena kumwaga udongo wake kwenye vinamasi. Kwa fedha zilizotokana na umwagikaji ule walianza, mwezi wa Agosti 2023, mradi wa karibu dola bilioni 3 wa kufungua ukuta huko Barataria ili mto ujenge ardhi upya. Wavuvi wa kamba na wenye chaza waliupinga, kwa kuwa maji ya mto yasiyo na chumvi yangeharibu mavuno yao, gharama zikapanda, kesi zikafunguliwa, na Julai 2025 jimbo likaufuta baada ya zaidi ya dola milioni 500 kutumika. Watafiti wenzangu wengi huwalaumu wavuvi. Mimi siwezi. Wao ndio waliovunjiwa riziki na mafuta mwaka 2010, na sasa dawa ya pwani ilikuwa inawavunjia mara ya pili.

Mzaliwa wa Msambweni (Nairobi)

Nawashukuru wote, na hasa Mtafiti, kwa sababu sikuwa nimefikiri kwamba tarehe 30 Juni inaweza kuua mche.

Hilo la wavuvi limenirudisha kwenye kesi ya Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliagiza wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya, na baadaye ikakubaliwa kwamba asilimia 65 iwe fedha taslimu na 35 iwe miradi, kama vyombo na zana za uvuvi. Nilikuwa nikiona mgawanyo huo kama hila ya kuwanyima watu fedha zao. Baada ya kusoma maelezo ya Wakili naona tatizo lingine, kwamba yote hayo yalikuwa fidia ya watu, na bahari yenyewe haikuwa na fungu lake. Je, nimekosea? Na je, kuna kesi yoyote hapa Kenya ambapo mahakama imeitengea ardhi au maji fedha zake peke yake?

Wakili wa Upper Hill

Ndugu Mzaliwa, hujakosea, na kesi ya kutajwa ipo, ingawa si ya mafuta. Katika shauri la Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilisumisha mtaa mzima kwa madini ya risasi, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2020 iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3, kisha, kando ya hizo, ikaagiza udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kufanyia kazi hiyo. Ona jinsi amri hiyo ilivyojengwa: mtu ana fungu lake, udongo una fungu lake, na lile la udongo lina saa inayohesabu. Hukumu ilitenguliwa katika rufaa mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikarejesha malipo ya wakazi Desemba 2024. Miaka yote hiyo risasi haikuondoka kwa kusubiri majaji.

Kwa upande wa mafuta tuna Thange, Makueni, ambako bomba lilivuja mwaka 2015 na kuchafua mto na visima, na hukumu ya fidia kwa zaidi ya wakazi 3,000 ikatolewa mwaka 2025. Miaka kumi. Ndiyo maana ningependa mswada wowote usiishie ufukweni, ufuate mafuta yote kutoka kituo cha mafuta cha Kipevu, Mombasa, hadi Nairobi. Sisi wa jiji hili hatujasahau Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ilipowaka mtaani Sinai na kuua watu zaidi ya 100.

Mkaguzi Mstaafu

Wakili, uandike basi, maana kamati za Bunge hupokea maoni ya maandishi kutoka kwa raia yeyote. Mimi nitakupa aya ya ukaguzi: kila faini iandikwe kwa jina la tukio na mahali, daftari lake litangazwe kila robo mwaka katika ofisi ya kaunti na kwa vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fuo, gharama za uendeshaji zisizidi asilimia 3, na salio lisirudishwe Hazina mwisho wa mwaka wa fedha.

Mtafiti wa Mikoko (Kwale)

Ongezeni aya moja kabla ya hiyo ya ukaguzi. Sehemu ya fedha za kila mwaka itumike kuandika hali ya pwani ilivyo sasa, kabla ya ajali: aina za miti, hesabu ya kaa katika tope, samaki wanaozalia kwenye mizizi, mafuta yaliyomo tayari kwenye udongo. Wamarekani walitenga asilimia 2.5 kwa programu ya sayansi na 2.5 nyingine kwa vituo vya utafiti vya majimbo. Siku ambayo meli itapasuka Kilindini, wakili wa mwenye meli atauliza swali moja tu, kwamba mlikuwa na nini hapa jana, na nchi ina takriban hekta 61,000 za mikoko ambazo kwa sehemu kubwa hatuwezi kumjibu kwa vipimo. Lamu peke yake ina zaidi ya nusu yake. Nikipata boti na mafuta ya boti, naweza kuanza na mkono wa Port Reitz mwezi ujao, maji yakiwa bamvua.